Barua ya Wazi kwa Hazina: Asanteni kwa Kutotupima

Kwa Waheshimiwa wa Hazina,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: SHUKRANI KWA KUTOTUWEKEA KIFUNGU

Huku delta ya Rufiji hatujambo, maji yanajaa na kupwa kama kawaida. Tunaandika kuwapongeza kwa ustahimilivu wenu. Mlipata shilingi trilioni 6.5 za kujenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, mkafunga mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, na katika shughuli yote hiyo hakuna aliyewashawishi kutenga hifadhi ya utafiti kule mto huo huo unakoingilia baharini. Wengine wangeteleza.

Tangu bwawa lianze kujazwa Desemba 22, 2022, maji yetu yana mwenye kuyafungulia. Yakipungua, bahari hupanda mtoni na chumvi yake. Tope nalo hutua nyuma ya ukuta, na mikoko husimama juu ya tope. Je, chumvi imepanda hadi wapi? Tope limepungua kiasi gani? Maswali ya namna hii huzaa maombi ya fedha, na nyinyi mmetuepusha nayo.

Msidhani hatuna vipimo. Tunao ulimi. Mkulima wa mpunga wa matawi ya kaskazini hutegemea maji kujaa: bahari ikipanda huyasukuma maji baridi ya mto mpaka shambani. Mkulima huinama mfereji ulipokata kingo, huchota kwa kiganja, huonja, hutema. Akikunja uso, maji hayo si ya mpunga. Chombo hiki hakitaki betri, hakidai posho ya safari wala hakijawahi kuomba gari. Kasoro yake ni moja tu, hakiandiki ripoti, kwa hiyo kwenye vikao hakuna anayekinukuu.

Faida ya kutopima ilionekana Aprili 2024. Mafuriko yalipomeza mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, ukazuka ubishi: ni bwawa au ni mvua? Serikali ikasema ni mvua, na kwamba bwawa limepunguza makali. Huenda ni kweli kabisa. Sisi tungependa kukubali au kukataa kwa namba zetu wenyewe, lakini namba hatuna, basi tukaendelea kutafuta mikeka yetu majini.

Kwa haki, si kwamba delta hii haijawahi kuchunguzwa kwa fedha za serikali. Imewahi, tena kwa ukarimu mkubwa. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye matawi yetu, na Waingereza wakataka kujua kila kona yake. Walileta ndege, enzi ambazo ndege yenyewe ilikuwa kioja. Waliiteka Mafia wakaifanya kituo. Waliagiza kutoka mbali meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziweze kupenya humo ndani, na Julai 11, 1915 Königsberg ikaishia hapo hapo. Hakuna aliyewauliza kama kuna fedha. Tunachojifunza ni kwamba tukitaka kupimwa, inabidi tutafute adui wa kujificha mikokoni kwetu.

Baadaye walikuja wenye nia njema. Mradi wa usimamizi wa mazingira wa Rufiji ulianza 1998 kwa msaada wa Uholanzi, ukafanya kazi nzuri, ukafunga virago 2003. Mto haukufunga virago.

Wamarekani hatuwaelewi. Mwaka 1972 walitunga sheria ya pwani yenye kifungu cha hifadhi za utafiti kwenye milango ya mito. Ya kwanza, South Slough kule Oregon, ilitengwa 1974. Kufikia 2022, Connecticut ilipoingia, zilikuwa 30. Serikali kuu hutoa asilimia 70 ya fedha za uendeshaji, jimbo hutafuta 30. Vyombo vyao hupima joto na chumvi kila dakika 15, usiku na mchana, hata pasipo na meli ya adui. Matumizi mabaya kabisa. Kwa bahati, mwaka 2017 Rais Trump alipendekeza ruzuku hiyo ifutwe, tukajua kumbe mna wanafunzi hadi Washington. Bunge lao likakataa, likaendelea kutoa.

Sisi karatasi hazitupungukii. Mikoko ya delta, zaidi ya hekta 50,000, ni msitu wa hifadhi tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 2004 Rufiji, Mafia na Kilwa ziliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kamba wanaokaangwa hoteli za Dar es Salaam wengi wamelelewa kwenye tope letu kabla hawajaenda kilindini. Kwa hiyo thamani yetu inafahamika, hata sahani inaifahamu.

Basi, waheshimiwa, tukiwa tumeshashukuru vya kutosha, tuna ombi dogo. Katika bajeti ya Juni wekeni kifungu cha hifadhi ya utafiti ya delta ya Rufiji: kituo kimoja Nyamisati, vyombo vya kupima chumvi na tope kwenye matawi ya kaskazini na ya kusini, mashua moja yenye mafuta, na mishahara ya vijana wa huku huku wa kuvisoma, mwaka hadi mwaka, mfadhili awepo asiwepo. Vijana hao wapewe pia ratiba ya kufungulia maji bwawani kabla maji hayajafika.

Kama fedha hazipo, tunaomba jibu hilo kwa maandishi, lenye muhuri na tarehe.

Wasalaam,
Wenu wa maji chumvi na maji baridi,
Delta ya Rufiji