Kamzigo ka Mjomba

Ukitaka kujua una ndugu wangapi Uluguruni, nunua pikapu ya dizeli uiegeshe Kilakala. Mtaa wetu uko miguuni kabisa mwa mlima, pale ambapo Morogoro inachoka kuwa mji, na gari likiegeshwa hapa habari zake zinafika juu mashambani kabla halijapoa injini. Jirani yangu ana Passo. Anaishi kwa amani. Hakuna aliyewahi kumpigia simu alfajiri kumuuliza kama Passo inaweza kubeba mabati.

Yangu ni Hilux ya zamani yenye injini ya 3L: lita 2.8, haina tabo, haina kompyuta, haina haraka. Kiwandani waliipa nguvu za farasi zipatazo 90, na farasi hao nao wamezeeka; wengine nadhani wamekwisha kustaafu. Fowili ipo, ila hab ya gurudumu la mbele kushoto ilishakufa, na fundi wangu ameniahidi kuifufua baada ya Idi, bila kutaja Idi ya mwaka gani.

Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama. Jina la ukoo linatoka huko, shamba la ukoo linatoka huko, na siku hizi pikapu nayo inahesabiwa huko. Kaka yake mama ndiye mwenye kauli. Baba anaweza kukuomba gari. Mjomba anakujulisha saa ya kuondoka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Una dizeli?"

Nikajua nimekwisha. Kulikuwa na kamzigo kadogo ka kupandisha Nyandira, huko Mgeta. Mashine tu ya kusaga, akasema, watu wanne wanaiinua huku wanapiga soga. Kumbe ni zile za silinda moja zenye magurudumu mawili makubwa ya chuma ubavuni, aina ya Lister, ambazo Waingereza walizibuni na Wahindi wakaendelea kuzifyatua. Injini peke yake inapita kilo 300, bado kinu, bado chuma cha kuvifungia vyote viwili. Umeme umekwisha fika kwa mjomba, lakini hautaki. Anasema umeme una hiari yake. Dizeli unaimwaga mwenyewe.

Katika ukoo wetu uzito wa mzigo hutajwa kwa kuangalia nani ananunua mafuta. Nilikuwa nikidhani ni uongo, siku hizi naona ni siasa. Wakulima wa Mgeta wameuza kabichi, karoti na viazi kwa lumbesa tangu wengine hatujazaliwa: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linavishwa kilemba cha kamba na nyasi, na ndani ya kilemba kunaingia gunia jingine la bure. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mnunuzi naye anataka gunia, na kilo anazijua yeye. Mtu aliyeibiwa kilo maisha yake yote, siku akipata mpwa mwenye pikapu, zile kilo anazirudishia hapo hapo.

Kwa kuwa mashine haikuenea kwenye bodi, likaazimwa tela la fundi ujenzi mmoja, tela la ekseli moja, lisilo na breki, lililozoea kuhamisha mchanga kutoka upande huu wa uwanja kwenda upande wa pili. Kisha majirani wakaanza kuja mmoja mmoja. "Si unapita huko huko?" Mama mdogo alileta mifuko ya saruji. Binamu akaleta mabati. Mzee mmoja ambaye hata undugu wetu haujathibitishwa alileta kochi la watu watatu, akalikalia mpaka lilipopakiwa, asije akasahauliwa.

Kanuni ya tela haina uchawi. Kizito kikae mbele kidogo ya ekseli, ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela ilale kwenye ndoano ya gari. Ukipeleka uzito nyuma, tela linainua mkia wa gari, magurudumu ya nyuma yanapoteza mshiko, na mwendo ukizidi kidogo tela linaanza kuamua lenyewe pa kwenda. Vijana wa kupakia walikuwa na kanuni yao: kizito kikae nyuma, ndicho cha kwanza kushuka. Nilipowaeleza habari za ekseli waliniangalia kwa huruma. Mjomba, aliyekuja Kilakala tangu jana yake kusimamia, akatoa hukumu kwamba nimesoma sana.

Basi tukaondoka. Msamvu, bwawa la Mindu, hadi Sangasanga jirani na Mzumbe, yote hayo ni lami, na tela lilitufuata likiyumba kama mkia wa mbwa aliyemwona mwenye nyumba. Madereva wa mabasi ya Iringa walikuwa wakitupita huku wanatuonyesha vidole mbalimbali. Mjomba aliwapungia wote mkono, akafurahi kwamba watu wa barabara hii wana adabu.

Mlali ukishaipita, utani wa lami unakwisha. Morogoro mjini iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Nyandira inapita 1,500. Injini ya dizeli isiyo na tabo inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe, na kila mita 100 unazopanda inapungukiwa nguvu kwa kama asilimia moja. Mlima nao una hesabu zake. Gari, tela, saruji, kochi na wajomba, tuseme tani 4 kwa jumla. Mahali ambapo barabara inanyanyuka mita moja kwa kila mita nane, mlima unadai nusu tani ya nguvu ili usirudi nyuma tu. Kwenda mbele ni gharama nyingine. Petroli hapo ingelia kwa sauti kubwa. Dizeli inanguruma chini chini, inatoa moshi mweusi wa kutosha kukausha nyama, na inakwenda.

Nikamsifia mjomba dizeli, nikamwambia kwamba Rudolf Diesel alikuwa Mjerumani aliyeunda injini yake miaka ya 1890, na kwamba kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900 injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mjomba alikaa kimya kwa kona nzima. Kisha akauliza Mlali karanga wanauzaje.

Masika yalikuwa yamemalizika kwa jina tu. Kwenye kona moja yenye udongo mwekundu, ule unaong'aa asubuhi na kuteleza hata kwa mbuzi, magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka bila kutupeleka popote. Nguvu yote ya mbele ikapotelea kwenye hab iliyokufa, gurudumu la mbele kulia likabaki linatazama tu, na ya nyuma yakachimba shimo la heshima. Tingo wangu aliruka na kabari yake ya mninga, ambayo haimwazimi mtu, akaisukumiza nyuma ya gurudumu. Tukatulia, tukining'inia.

Hapakuwa na nyumba hata moja inayoonekana. Baada ya dakika chache walikuwapo watu wa kutosha kufanya uchaguzi. Kila mmoja alikuwa mhandisi. "Kata kulia!" "Kulia kuna nini? Kata kushoto!" "Zima kwanza!" "Ukizima haliwaki!" Mzee wa kochi alishuka akaenda kukaa kivulini, akisema anasubiri mzigo wake. Nilijaribu kutoa maelekezo nikaacha. Huu ni mlima uliomkatalia Mwingereza matuta yake mwaka 1955, hadi zikazuka ghasia upande wa Matombo. Usidhani utapokea amri kutoka kwa mwenye Hilux.

Kutoka juu ikateremka Land Cruiser pikapu, zile zenye mkonga wa kunyonyea hewa na injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, ambayo nayo haina tabo na haijawahi kujutia. Dereva wake akaligeuza penye uwazi, akarudi kinyumenyume hadi kwetu, akauliza kwa sauti ya daktari bingwa kama tuna kamba. Tulikuwa nayo. Ilikuwa ya katani, nene, ya kutisha kuiangalia. Ubaya wa katani katika kazi hii ni kwamba haivutiki. Nailoni inanyooka kwanza, inapokea mshtuko, ndipo inavuta. Ikikatika inarudi na kisasi, kwa hiyo hakuna wa kusimama karibu. Katani inasubiri imekaza, ikishtuliwa inasema "pwa," na mazungumzo yanaishia hapo. Na sisi tulimwambia dereva avute polepole. Akatujibu kwamba amezaliwa barabara hii. Akashtua. Pwa.

Historia inasema mkonge wenyewe ni mgeni: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ni 62 tu. Kamba yangu nadhani ilisokotwa kwa ile iliyofia njiani.

Hapo ndipo alipotokea mtani. Waluguru tuna utani wa ukoo kwa ukoo, na mtani ana haki ambazo polisi hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuchukua kuku wako akakushukuru kwa niaba yako, na kwenye msiba ndiye anayekuzikia huku anakucheka. Huyu wa kwetu alikuwa mtu mnene, mwenye koti na mkungu wa ndizi. Alimtazama mjomba, akatazama mashine, akauliza kwa sauti kubwa ukoo wetu tangu lini umepata kitu cha kusaga. Kisha, ili kutukomesha, akasema hatusogei kwenda popote mpaka alipwe ushuru wa kuona aibu yetu, akaenda kukaa juu ya ulimi wa tela, pale pale mbele kwenye ndoano, akaanza kumenya ndizi.

Mjomba alimtaka ainuke. Alikataa. Mjomba akampa shilingi elfu mbili. Akaipokea, akabaki amekaa. Mmoja wa watani wadogo akaona hiyo ndiyo siasa, naye akakaa ubavuni mwake na ndoo yake ya karoti. Mimi niliona kwenye kioo mkia wa gari unashuka kidogo, nikamwambia tingo kimya kimya aondoe maneno aweke mikono. Gia ya kwanza, klachi taratibu, magurudumu yakauma udongo, na Hilux ikatoka kwenye shimo bila kelele, mtani akiwa juu ya ulimi, mdomo umejaa ndizi, akipiga mayowe kwamba tunamteka.

Tulimteka hadi Nyandira. Kila nilipotaka kusimama ili ashuke, mjomba alinibana mkono. Nilimweleza kwamba huyu bwana ndiye ile sehemu moja ya kumi niliyoitafuta Kilakala. Mjomba akasema hajali ni sehemu ya ngapi, elfu mbili yake anataka iishe hapo hapo. Huko juu watu wanne wa kuinua mashine wakiwa wanapiga soga walipatikana, wakapiga soga. Mashine ikashushwa na kijiji kizima, mtani akiwa msimamizi.

Kurudi, ningeshuka tupu, nani ataruhusu? Zikapakiwa kabichi, karoti, viazi, debe la plamsi, na mbuzi. Si mbuzi wa kusema mbuzi. Ni wa maziwa, wa uzao wa wale wa Norwei ambao watafiti wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa Morogoro, waliwapeleka Mgeta miaka ya 1980 kwa sababu ya baridi, na baridi hiyo wameipenda kweli, maana wamegoma kuzoea watu wa mjini. Macho yalikuwa yanamuuma, anakwenda kuonana na madaktari wa wanyama SUA. Alikaa na mjomba kiti cha mbele. Mzee wa kochi, ambaye kumbe kochi alilipeleka kulionyesha tu, alirudi nalo nyuma, amelikalia.

Kushuka na tela lisilo na breki ni kazi ya gia. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ukitegemea pedali, breki zinapata moto, zinanuka, kisha zinakuaga. Tela linakusukuma kila kona, na wewe unalikatalia kwa injini. Tulifanya hivyo hadi bondeni, mbuzi akilia kila nilipobadili gia, akiwa na msimamo wake kuhusu jambo hilo.

Kwenye kizuizi karani alitupungia tusimame. Tangu 2017 mazao yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru yakivuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na mjomba, ambaye hajawahi kusoma sheria yoyote nyingine, hiyo anaijua kwa moyo.

"Uzito?"

"Haufiki tani," mjomba akasema. "Ni kamzigo tu."

Karani akainama, akatazama springi za nyuma ambazo zilikuwa zimekunja mgongo upande usio wao. Akamtazama mzee juu ya kochi. Akaomba karatasi za tela. Karatasi za tela zilikuwa kwa fundi ujenzi. Akaomba stakabadhi ya kabichi. Kabichi ni za shambani, stakabadhi ya nini? Akaomba bima ya gari, ambayo ipo, isipokuwa siku hiyo ilikuwa nyumbani Kilakala mezani. Akauliza kama mbuzi ana kibali cha kusafirishwa.

Mjomba akafungua begi, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa vizuri: kibali cha mifugo chenye muhuri, cheti cha chanjo, barua ya bwana mifugo, na kadi ya kliniki yenye jina la mbuzi na tarehe ya kuzaliwa. Karani alizisoma zote, moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye bahasha kwa mikono miwili.

"Huyu apite," akasema. "Ninyi wengine shukeni."