Sungura Hana Kosa

Mchezo wa kompyuta wa sungura, Jazz Jackrabbit 2, ulipotoka mwaka 1998, watengenezaji wake Epic MegaGames waliuambatanisha na programu ya kutengenezea hatua mpya. Ukarimu huo! Tangu hapo mashabiki hawajalala. Fundi wetu wa hatua huchora vigae vya pikseli 32 kwa 32, jani kwa jani, mpaka umande uonekane. Akishamaliza, anatega miiba palepale sungura anapotua, na karoti ya kurudisha uhai anaificha nyuma ya ukuta ambao yeye peke yake anajua unapitika. Ukilalamika, unaambiwa hujui kucheza. Yupo na yule anayechukua vigae vya mwenzake, akageuza kijani kuwa zambarau, kisha akabandika jina lake kwa herufi kubwa. Hongera mwaya, zambarau imekukaa.