Ng'ombe Wamekwenda Wapi?

Baba yangu mkubwa, mzee wa Nyamwaga wilayani Tarime, ana sharti moja juu ya picha: isimkate mtu. Aonekane wote, kuanzia kofia hadi viatu, na viatu vipigwe kiwi. Asicheke, maana anamcheka nani? Pembeni kiwepo kitu cha kumtambulisha, redio au baiskeli, na kwa mwenye uwezo, ng'ombe. Picha za pasipoti anaziita picha za mahabusu.

Mdogo wangu wa kike hupiga picha za harusi na mahafali kule Mugumu, Serengeti. Kwake yeye picha ni macho, mengine ni takataka. Nadhani amewaangalia mno watalii wanaoelekea geti la Ikoma na lenzi ndefu kama mitutu ya bunduki, wanaotaka sharubu za simba zihesabike.

Basi mzee akavaa koti la sherehe, akasimama mbele ya zizi, kifua mbele. Binti akapiga kwa simu. Picha ikasafishwa kwa ukubwa wa kalenda, ikatiwa fremu. Mzee akaitazama, akaisogeza dirishani, akanigeukia mimi, kana kwamba mpiga picha hayupo.

"Mura, ng'ombe wamekwenda wapi?"

Nyuma yake palikuwa na ukungu wa kahawia.

"Nimewafifisha makusudi, baba," mdogo wangu akasema, "ili uonekane wewe."

"Mimi naonekana kila siku. Nilitaka waonekane wao."

Na hapo hajauona uso. Mama mkubwa ndiye aliyeuona. Simu ilikuwa imemfuta mzee mikunjo yote na kumng'arisha. "Huyu kijana mweupe," akauliza, "ni wa ukoo gani?"

Mimi niko upande wa mzee, na sisemi hivyo kwa kuogopa fimbo tu. Mpiga picha Seydou Keïta alipofungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, aliweka redio, saa, hata skuta, wateja wapige navyo picha. Leo picha zile zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa. Na kule Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alikuwa akikata picha za watu na kuzipachika atakapo. Huyo angemwongezea mzee ng'ombe arobaini bila kumlisha hata mmoja. Nilimweleza mdogo wangu haya yote. Akanijibu kwamba skuta haigeuzi makalio.

Kweli, picha ilipopigwa mara ya pili, fahali aligeuza makalio. Binti alirudi nyuma hadi kwenye migomba ili zizi lote lienee, mzee akabaki kadogo pembeni, koti halisomeki. Mzee akaitundika sebuleni siku hiyohiyo.

Mgeni wa kwanza kuiona alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Sirari. Akasimama mbele yake, chai mkononi.

"Mzee, hilo dume unaliuza?"

"Siuzi," akajibu baba mkubwa, akichanua.

"Na huyu mchunga ng'ombe umemtoa wapi?"

Jikoni, alikokuwa mdogo wangu, tukasikia sufuria ikianguka.