Baiskeli Isiyoazimika

Sisi wa Tanga tumekuzwa na baiskeli kubwa. Phoenix nyeusi ya Kichina, tairi saizi 28, keria pana ya kumtosha bibi pamoja na mbuzi wake, hiyo ndiyo baiskeli. Nyingine zote ni michezo ya watoto. Kwa hiyo nilipoiuza Phoenix yangu nikanunua mtumba wa Japani wenye tairi saizi 20, tena unaokunjika katikati, baraza nzima pale Ngamiani ilinitazama kwa huruma.

"Mzee, huyo mtoto uliyemnyang'anya baiskeli analilia wapi?" aliuliza muuza kahawa.

Sikumjibu. Mwenye Phoenix hana baiskeli, ana gari la mtaa. Alfajiri shemeji anabisha hodi, ana gunia la nazi la kupeleka sokoni. Mchana jirani anaiazima "dakika mbili tu", inarudi magharibi ikiwa na pancha na shukrani nyingi. Kukataa huwezi, maana keria inaonekana. Sasa shemeji alipokuja safari hii, aliitazama baiskeli, akalitazama gunia, akaitazama tena baiskeli. "Basi, nitachukua bajaji," akasema. Kwa neno hilo moja hela yangu ilikuwa imesharudi.

Halafu kuna habari ya kanzu. Phoenix ya kiume ina bomba la juu, na kulivuka ukiwa umevaa kanzu ni kazi ya mwanasarakasi. Yangu iliwahi kunasa kwenye tandiko nje ya msikiti, siku ya Ijumaa, mguu mmoja ukiwa angani na waumini ndio kwanza wanatoka. Hii ndogo chuma chake kiko chini. Unavusha mguu, heshima yako ikiwa palepale.

Wanaonicheka husema nitakanyaga pedeli kama fundi cherehani na nisifike. Hawajui hesabu. Tairi dogo hufidiwa kwa meno: mengi zaidi kwenye gia ya mbele, machache nyuma, na mzunguko mmoja wa pedeli unakufikisha karibu kulekule. Mwingereza Alex Moulton alilifanyia kazi jambo hili mgogoro wa Suez wa 1956 ulipoadimisha petroli kwao. Mwaka 1962 akatoa baiskeli ya magurudumu madogo yenye springi, na mwaka 1986 Jim Glover akapanda Moulton huko Kanada akapita kilomita 80 kwa saa. Basi la mkoani likifanya hivyo, trafiki anamwandikia dereva faini.

Springi zile, hata hivyo, hazikuwekwa kwa urembo. Tairi kubwa hupita juu ya shimo; dogo huingia ndani kulikagua. Baada ya masika niliingia kwenye dimbwi nililodhani ni la kina cha kidole, nikatokea kwenye meza ya muuza mihogo ya kukaanga. Alinidai mihogo yote, na pilipili.

Na huko kukunjika nako kuna siku zake. Mpwa wangu alikichezea kikaza cha katikati asiseme. Nilipofika mbele ya baraza, baiskeli ikajikunja yenyewe, nami nikiwa juu yake. Muuza kahawa alinipa kikombe cha bure akaniomba nirudie, kuna mzee hakuona vizuri.

Bado naitetea. Phoenix ilikuwa ikilala ukumbini na kuchafua nguo za wageni kwa grisi. Hii inalala uvunguni. Tyubu zake zipo kwa kila fundi, kwa kuwa ni saizi ileile ya baiskeli za watoto, na ndiyo maana siwezi kumkasirikia muuza kahawa.

Kwa hiyo ukiwa na gunia la mkaa, mtafute mwenye Phoenix. Ukiwa na haraka zako tu, nunua ndogo. Na fundi akikushawishi akufungie keria, kataa kabisa.