Mwakilishi wa Mama

Wakili alimuuliza mama mbele yangu, mbele ya karani, na mbele ya mtu aliyekuja kuapia cheti chake kilichopotea: "Mama, unamwamini huyu kijana akusimamie fedha zako?" Mama akanitazama kuanzia viatu. "Huyu? Juzi nimemtuma nazi, kaniletea koroma."

Karani akainamia droo. Yule wa cheti hakujisumbua kujificha. Alicheka mpaka akakohoa.

Nikaombwa nipishe nje. Kumbe ndiyo kazi ya wakili: ahakikishe mtoaji wa hati ya uwakilishi ana akili timamu, anaelewa anachokitoa, na hajashurutishwa na anayekipokea. Mshukiwa ni mimi. Nikakaa kwenye benchi la barazani, nikimsikia mama, ambaye hata simu huipokea kwa kupiga kelele, akinong'ona.

Nilipoitwa tena ndani, hati ilikuwa ya Kiingereza. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, ila kompyuta ya wakili haijapata habari. Akamfasiria mama aya kwa aya, kisha akaandika chini kwamba amesomewa na ameelewa.

Hapo nikasahau aibu. Dole gumba, kumbe, halibonyezwi tu. Linalazwa upande mmoja wa ukucha, linaviringishwa polepole hadi upande wa pili, mistari yote itoke. Ya mama haikutoka. Miaka ya kukuna nazi na kusuka ukili imeisawazisha ngozi. Karatasini pakabaki doa la buluu. Wakili akalifuta dole, akalipaka wino upya, akaliviringisha tena kwa adabu, na safari hii vikatokea vimistari viwili vitatu pembeni. Kisha picha zetu zikabandikwa, na muhuri ukagongwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Atakayebandua picha aweke ya kwake atakuta duara la wino halikutani. Nikamwomba agonge mwingine nione vizuri. Akanijibu kwamba kila muhuri una bei yake.

Benki walisema wana fomu yao.

Ofisi ya pensheni walitaka mama afike mwenyewe, athibitishe kwamba hawezi kufika.

Kwa shamba, hati hiyo ya uwakilishi lazima isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Foleni yake nimeiona mkia, kichwa bado.

Hayo yote ningeyameza. Kinachonichoma ni alichonidokeza wakili tukiagana: uwakilishi hukoma mtoaji akifariki, na hukoma vilevile akipoteza akili. Yaani leo, mama akiwa analijua koroma kwa kulitikisa tu, hati ni hai na haja nayo ni ndogo. Siku atakaponiuliza mimi ni mtoto wa nani, hati inakufa palepale, nami nianze safari ya mahakamani. Sheria yetu ya Mikataba, iliyochukuliwa kutoka ile ya India ya 1872, ilimfikiria mtu aliyesafiri. Aliyezeeka haikumfikiria, na hatujaona haraka ya kumfikiria.

Nikamweleza baba, maana zamu yake ilikuwa imefika. Akavua miwani. "Kwa hiyo hiyo hati yaweza kutangulia kufa kabla yangu?"

Nikamwambia yawezekana.

Akasema hatii saini kwenye kitu chenye afya mbovu kuliko yake.