Namna ya Kuonja Wiski ya Pipa Moja Kutoka Bangalore Bila Kuivunjia Heshima

Hatimaye umeipata. Shemeji yako ameibeba kutoka India, imefungwa kwenye soksi na mataulo katikati ya sanduku, na sasa imesimama mezani kama bwana harusi. Wageni wameshaanza kutafuta glasi. Tulia. Chupa ya namna hii ina adabu zake, na anayezikiuka asiketi meza hii tena.

Hatua ya 1: Soma lebo kabla ya kugusa kizibo.
Sehemu kubwa ya wiski inayouzwa India hutokana na molasi ya miwa, na kwa sheria za Umoja wa Ulaya kinywaji hicho hakiruhusiwi kuitwa wiski. Yako imetengenezwa kwa kimea cha shayiri, ikakenekwa, ikalazwa kwenye pipa la mwaloni, na haikuchanganywa na pipa jingine lolote. Tafuta namba ya pipa, tarehe ilipojazwa na idadi ya chupa zilizotoka. Zikiisha, zimeisha, hakuna pipa jingine litakaloirudia ladha hiyo. Kwa hiyo anayeuliza soda iko wapi apewe soda yake, na chupa nyingine ya kuichanganyia.

Hatua ya 2: Mnyamazishe mjuaji wa umri.
Hakosekani. Ataona miaka mitano kwenye lebo, atakunja uso na kusema ya Uskoti ina miaka 18. Mkalishe umfundishe. Bangalore iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Machi na Mei joto la mchana hupita nyuzi 30. Kinywaji huvuta rangi na ladha ya mbao upesi, kama majani ya chai kwenye maji yanayochemka, ilhali Uskoti hukaa kwenye ubaridi kikijivuta taratibu.

Joto hilo hudai malipo. Waskoti husema kinachopotea hewani kutoka kwenye pipa ni mgao wa malaika. Kwao malaika huridhika na asilimia 2 hivi kwa mwaka. Wa Bangalore huondoka na asilimia 10 au zaidi. Piga hesabu: pipa la lita 200, likipoteza asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka minane hubakiwa na lita 86 tu. Ndiyo maana kiwanda cha Amrut, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1948, kilipotoa wiski ya miaka minane mwaka 2013 kiliiita Greedy Angels, kwa kuwalaumu malaika walafi, na chupa zilikuwa 144 tu. Mjuaji akisikia hayo atashika glasi yake kwa mikono miwili.

Hatua ya 3: Safisha hewa.
Udi uzimwe. Manukato yabaki chumbani. Sahani ya achari na karanga za pilipili irudi jikoni hadi shughuli iishe. Chagua glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, inayokusanya harufu. Barafu hapana: baridi hufunga harufu, na harufu ni nusu ya ulichokilipia.

Hatua ya 4: Mimina kidogo, kisha subiri.
Mililita 25 zinatosha. Iache dakika kumi. Wiski ya pipa moja mara nyingi huwekwa kwenye chupa bila kuongezwa maji, na kilevi huweza kufika asilimia 60. Usizamishe pua kama anayechungulia kisimani. Ipitishe juu ya glasi, mdomo ukiwa wazi kidogo.

Hatua ya 5: Onja mara mbili kabla ya kusema neno.
Funda la kwanza huamsha ulimi tu. La pili ndilo la kuhukumu. Likalishe mdomoni, lizungushe, kisha meza polepole na usikilize kinachobaki kooni.

Hatua ya 6: Ongeza maji bila aibu.
Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kwenye mililita 25 zenye asilimia 60, huishusha hadi asilimia 50. Ukali hupungua, na harufu zilizokuwa nyuma husogea mbele. Tia tone baada ya tone, ukishamimina hurudishi.

Hatua ya 7: Taja unachokinusa wewe.
Usiazime msamiati wa watu ambao hawajawahi kusimama soko la Kariakoo. Ukipata sukari guru, sema sukari guru. Ukipata embe lililoiva, hiliki, mdalasini au nazi iliyokaangwa, sema hivyo hivyo. Pua iliyolelewa na pilau inajua viungo, na ina haki kamili kwenye meza hii.

Hatua ya 8: Funga chupa.
Glasi mbili zinatosha kwa jioni moja, na funguo za gari akabidhiwe asiyekunywa.

Amrut ilipeleka wiski yake ya kimea Glasgow mwaka 2004, kuiuza kwa Waskoti wenyewe, na ikapata wanywaji huko huko. Basi usiiombee radhi kwa mgeni yeyote. Ihukumu kwa kilichomo kwenye glasi. Miaka waachie wanaohesabu.