Nyoka wa Ziada

Bango la filamu ya kutisha lilianzia kwenye gunia la unga wa ngano. Hiyo ilikuwa Ghana, miaka ya 1980 na 1990, wenye vibanda vya video walipozunguka mjini na vijijini na televisheni, deki na jenereta. Magunia mawili yalifumuliwa, yakafuliwa na kuunganishwa, kisha fundi akayapaka rangi ya mafuta. Gunia zuri huvumilia kukunjwa, vumbi na mvua; karatasi haiwezi.

Mara nyingi fundi hakuwa ameiona filamu yenyewe, hali iliyomwepusha na usumbufu wa kusema kweli. Alipewa jina la filamu, pengine na kasha la kanda, yaliyobaki akajijazia: shoka utosini, jicho linaning'inia, chatu anatoka kinywani mwa bibi harusi. Nyoka wa ziada hakudai ujira kama mwigizaji. Damu ilipakwa mwisho, na haikupimwa kwa kijiko. Mtazamaji aliyeingia kumfuata chatu akamkosa, alikuwa ameshalipa kiingilio. Na kwa kweli bango lilikuwa limeshampa hofu ya kutosha, tena bure, pale nje.

Mabango ya kuchapwa yalipoenea, kazi hiyo ilififia. Magunia sasa huuzwa kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, huwekwa fremu na kutundikwa ukutani juu ya kochi, chatu akiwatazama wageni wanaokunywa chai.